Shingo ya Baba Mkwe

1

Mzee Andongolile alikohoa mara mbili mlangoni kwake, nami nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Kwetu huku milimani mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamsemeshi, hampi kitu mkononi, wala hakutani naye njiani. Mengi ya mababu yamekwisha kufa, watu siku hizi wanakwenda kuchota barafu kwenye miezi ya sayari nyingine, lakini hili limebaki, na usiniulize kwa nini. Nimesoma miaka sita habari za tezi za binadamu, na bado nikisikia kile kikohozi miguu inanitoa njiani yenyewe.

Alipita polepole kwenda kuota jua kwenye kigoda chake. Hatua tatu, anapumzika. Hatua mbili, anapumzika. Shingoni alikuwa amevaa mkufu wa Mpango na skafu ya sufu juu yake, maana watu walioshushwa, yaani waliopunguzwa kasi ya mwili, huhisi baridi hata adhuhuri. Nilikuwa na kishikwambi mkononi nikisoma mkufu huo kutoka kule nilikojificha: mapigo ya moyo arobaini na manne kwa dakika, joto la mwili nyuzi thelathini na tano, homoni daraja la tano kati ya kumi. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokipanga.

"Balozi," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza. "Mwulize huyo mkamwana, mwanangu amekaribia?"

Balozi ni paka. Kwa kuwa hatukuruhusiwa kusemeshana, tulimtumia yeye, naye alikubali kazi hiyo kwa dharau zote za paka. Huyu alikuwa Balozi wa tatu. Wawili wa kwanza walikuja wakubwa tayari, wakazeeka na kufa, Mzee akiwa bado anaota jua lilelile.

"Balozi," nikajibu nyuma ya tangi, "mwambie Baba bado mwaka mmoja."

"Vizuri," akasema.

Kila kitu kwake kilikuwa vizuri. Alipofiwa na mke wake, miaka tisa iliyopita, alikaa muda mrefu akitazama jeneza, halafu akasema vizuri. Niliuma midomo nyuma ya tangi langu, kwa sababu nilichomwambia kilikuwa uongo. Ujumbe wa mume wangu ulikuwa umeingia alfajiri ile.

2

Lwitiko ni fundi mitambo kwenye meli ya barafu inayokwenda kwenye miezi ya Mshtarii. Safari ilipangwa miaka kumi na miwili, kwenda na kurudi. Kwa familia za wasafiri, serikali ilileta Mpango wa Kusubiri: mzee mwenye siku chache anashushwa, mwili unapoa, siku zake zinachelewa kuisha, mtoto anarudi anamkuta. Moyo wa Mzee Andongolile ulikuwa umechoka. Madaktari walimpa miaka mitatu. Akatia sahihi akiwa na akili zake zote, akicheka, akasema atalala kama chura wa kiangazi mpaka kijana wake arudi. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu ufundi wa tezi, na wilaya nzima haikuwa na mwingine. Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa shingo ambayo sikuruhusiwa kuitazama.

Wanafunzi wangu huwa nawaeleza hivi. Tezi dundumio imekaa mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, ndogo, imetandaza mbawa mbili kama kipepeo. Kazi yake ni kuokota madini joto kwenye damu, yale yanayowekwa kwenye chumvi, na kuyahifadhi ndani ya vifuko vyake ikitengeneza homoni. Homoni inayotoka huko ina chembe nne za madini joto. Ikifika kwenye ini, kwenye misuli, kwenye ubongo, mwili unaing'oa chembe moja, zinabaki tatu, na hiyo yenye tatu ndiyo inayoamuru: moyo piga, chakula kiungue, akili iwake. Tezi haijiamulii. Chini ya ubongo kuna bosi wake, pituitari, mdogo kuliko haragwe, ambaye muda wote anaonja damu. Homoni ikipungua anatuma kichocheo kuiambia tezi iongeze. Ikizidi ananyamaza. Mkufu wa Mpango unakaa katikati ya hao wawili, unakamata kile kichocheo njiani na kuruhusu kipite kiasi tu tunachotaka sisi. Kuna dawa nyingine za kulinda moyo na ubongo, lakini ufunguo ni huo mkufu, na mkufu wa Mzee nilikuwa na namba zake mimi peke yangu.

Nilisikiliza ujumbe wa Lwitiko mara nne, nimekaa juu ya gunia la viazi.

"Tupokigwe, mke wangu. Injini ya pili imekufa. Tunarudi kwa njia ndefu, miaka saba zaidi ya ile tuliyosema. Samahani, mama. Sijui nikwambie nini. Mshushe Baba mpaka daraja la pili. Nimewauliza wataalamu, wanasema atafika. Usimwambie kitu, atahuzunika bure. Atalala, ataamka, ataniona. Na wewe jishushe ukitaka, nitakukuta vilevile. Nakuomba. Nifike nikiwa bado na baba."

Nililia, nikajifuta na kanga, nikafungua ukurasa wa mkufu. Kidole changu kilikuwa juu ya namba mbili.

Mtu wa daraja la tano anatembea, anakula, anauliza. Wa daraja la pili analala kitandani, analishwa kwa mrija, na jina lake halijui. Mzee alitia sahihi ya miaka kumi na miwili kwa daraja la tano. Hakuna aliyemwuliza habari ya kumi na tisa. Na nikimwuliza sasa, ningepata jibu gani? Mtu aliyeshushwa hakatai kitu. Ukimwambia tunakuzika kesho atakwambia vizuri.

Nilimpenda Lwitiko wakati ule kiasi cha kuumwa kifua, na nilimkasirikia kiasi hichohicho. Nikaivuta ile namba, si kwenda mbili. Niliipeleka tisa, mkufu uifikie polepole. Nilitaka Baba aamke kwanza, ndipo nimwulize mwenyewe.

3

Homoni si taa ya umeme. Ile yenye chembe nne hukaa kwenye damu wiki nzima ndipo nusu yake iishe, kwa hiyo ukibadilisha kitu leo, mwili unakwambia ukweli baada ya wiki sita. Nilimpandisha nusu daraja kila baada ya siku tatu, nikichungulia moyo wake kwenye kishikwambi mpaka macho yakauma.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili akavua koti moja kati ya mawili. Wiki ya tatu nikamsikia anapiga mluzi, nikaangusha sufuria.

"Balozi!" akaita siku hiyohiyo. "Mwulize mkamwana, nani alijenga ule uzio? Umepinda kama mkia wako."

"Mwambie Baba nilijenga mimi."

"Mwambie basi umenyooka."

Nilicheka nyuma ya tangi huku nimejiziba mdomo. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba alikuwa mtu wa utani. Kesho yake akadai mbalaga, ndizi zetu za kupika na maharage, na akataka ziwe laini, si zile za kuvunja meno nilizokuwa nampikia. Keshokutwa akamwuliza Balozi kaburi la mke wake lilipo. Alikwenda peke yake na fimbo, na kutoka bustanini nikamsikia analia kwa sauti, kilio cha miaka tisa kilichochelewa. Nilikaa chini kwenye matuta ya viazi nikalia naye, yeye kule, mimi huku. Niliogopa kwamba nilikuwa nimemfanyia ukatili. Jioni akamtuma paka aniambie ndaga fijo, asante sana, kwa maua niliyoyapanda pale.

Nilipaswa kumwambia habari ya Lwitiko wiki ile. Nilijiambia ngoja afike daraja la tisa, ngoja akili ikamilike. Ukweli ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nyumba ilikuwa na watu wawili, na sikutaka kuiharibu.

4

Wiki ya tano homoni ikaacha kupanda. Ilikuwa imefika daraja la nane, ikasimama, halafu ikaanza kushuka kidogokidogo. Nikafungua mkufu zaidi. Kichocheo kikamiminika, maana pituitari ya Mzee ilikuwa imebanwa miaka kumi na moja, na sasa ilikuwa inapiga kelele kwa nguvu zake zote. Homoni ikazidi kushuka.

Nilisoma majedwali. Nilikagua betri. Nilimwandikia mwalimu wangu wa zamani, akajibu kwamba labda ni uzee. Nilichunguza kila kitu kinachoweza kuchunguzwa kwa mbali, na Mzee alirudia makoti mawili, na skafu akaizungusha mara tatu shingoni, na ndizi laini akawa anaziacha nusu sahani. Nilidhani ni huzuni ya mkewe. Sauti ikaanza tena kukwaruza.

Alhamisi moja, saa saba mchana, nilisikia kigoda kinaanguka ndani kwake. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi kwa mlio wa filimbi.

Nilifika mlangoni nikasimama. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilisimama, hatua moja kutoka kizingitini, kwa muda wa pumzi mbili nzima, nikisubiri akohoe. Ndipo nikaingia.

Alikuwa amepiga magoti, tonge la ndizi limemkwama, mikono inavuta ile skafu. Nilimkumbatia kwa nyuma nikambana tumbo, mara moja, mara mbili, tonge likaruka. Nikaifungua skafu haraka ili apate hewa.

Shingo yake ilikuwa imejaa. Chini ya kikoromeo kulikuwa na uvimbe laini, ukubwa wa parachichi, umesogeza koo upande. Rovu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angelitambua akiwa upande wa pili wa barabara.

Nilimkalisha, nikaweka vidole vyangu juu ya uvimbe. Alikuwa bado anahema. Nikatazama shingo tu, siyo juu zaidi.

"Tangu lini?" Nilisahau hata paka.

Akasema, akielekeza maneno ukutani, "Karibu wiki tatu. Nilimwambia Balozi. Hakukufikishia?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Kumbe nilikuwa nikimmwagia yule kipepeo wa shingoni amri za kutengeneza homoni, tengeneza, tengeneza, naye hana cha kutengenezea. Wiki za kwanza alitumia akiba iliyokuwa kwenye vifuko vyake. Ilipoisha, akafanya kile kinachofanywa na tezi yoyote inayoamrishwa bila kupewa vifaa: akanenepa, akajitanua, apate kuokota hata chembe moja inayopita.

"Baba, unatia chumvi gani kwenye chakula?"

Marehemu mama mkwe alikuwa ameniachia agizo: mpikie Mzee bila chumvi, hutia mwenyewe. Sikuuliza tena. Mkamwana ataulizaje habari za sahani ya mkwe? Akanyoosha kidole juu ya jiko la kuni. Kulikuwa na kibuyu wazi kilichoning'inia kwenye moshi, na darini gunia mdomo wazi, jeusi kwa masizi, lililonunuliwa kwa ajili ya ng'ombe na watu mwaka Lwitiko alipoondoka. Madini joto hayavumilii joto wala unyevu wala kukaa wazi. Ile ilikuwa chumvi ya ladha tu, miaka na miaka. Daraja la tano lote nililojivunia, sehemu yake ilikuwa mkufu wangu na sehemu yake ilikuwa njaa, na ningeligundua siku yoyote kwa kumtazama mara moja.

"Nisamehe, Baba," nikasema.

"Balozi amekimbia," akasema, bado anatazama ukuta. "Basi nitakuuliza mwenyewe. Mwanangu anakuja mwakani. Kwa nini umenipandisha sasa?"

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye shingo yake, na mshipa ulikuwa unapiga chini yake. Akili ile haikuwa tena ya kusema 'vizuri' kwa kila kitu. Nikamwambia yote, bila kupunguza: injini, miaka saba, daraja la pili, mrija, usimwambie. Nikamwambia na upande wa pili, kwamba akibaki juu, moyo wake una miaka miwili, mitatu ikiwa bahati, na Lwitiko hatamkuta. 

"Usinijibu leo," nikasema. "Homoni imeshuka, na kinachojibu leo si wewe wote. Nipe wiki chache nikulishe hiyo tezi."

5

Tezi yenye njaa hailishwi kwa pupa. Ukiishindilia madini joto yote kwa siku moja inaweza kutengeneza homoni kwa fujo, na moyo kama ule usingestahimili. Nilibana mkufu kidogo kupunguza kelele za pituitari, nikampa matone ya madini joto yaliyopimwa, na sasa nilikwenda mwenyewe mpaka mlangoni, nikiyaacha kizingitini na kugeuka. Uvimbe ukaanza kulegea. Rovu la muda mfupi hurudi nyuma likipata haki yake. Namba zikapanda: saba, saba na nusu, nane, tisa.

Wakati huo wote hakuniambia neno, wala mimi sikumgusia. Wataalamu wa Mpango waliandika wakiuliza kwa nini daraja halijashuka, nikawaandikia ukweli, kwamba mwenye shingo anafikiri. Lwitiko alileta ujumbe mwingine. Sikuufungua. Niliogopa sauti yake ingenilainisha.

Jumapili ya wiki ya nne nilikuwa nachota maji. Nilisikia mlango wake unafunguliwa, nikajibanza nyuma ya tangi, nikasubiri kikohozi. Hakikuja. Nikasikia hatua, nyingi mfululizo, bila kupumzika, zinakuja upande wangu.

"Toka huko nyuma ya tangi, mwanangu," akasema.

Sikutoka. Miguu ilikataa.

"Nimekaa na hili jambo wiki nne," akaendelea, upande ule mwingine wa bati. "Nilisema nitamsubiri mtoto wangu. Lakini mimi sikumsubiri, Tupokigwe. Mimi nililala. Aliyesubiri ni wewe. Mke wangu alikufa nikasema vizuri, na wewe ukamwosha, ukamzika, ukapanda maua, ukaja kunichungulia nyuma ya tangi hili. Huyo Lwitiko akirudi amkute mzee kwenye mrija asiyejua jina lake, amepata nini? Niache juu. Hiyo miaka miwili nataka kuila nikiwa macho."

"Atanilaumu mimi, Baba."

"Nitamwambia mwenyewe. Kwa sauti hii, kabla haijaharibika tena. Leta hicho kishikwambi chako. Halafu tutakula pamoja."

"Pamoja?"

"Umenishika shingo. Unadhani kuna kitu kimebaki cha kukwepa?"

Nikatoka. Nilitazama kwanza viatu vyake, halafu fimbo, halafu shingo, ambayo ilikuwa imekaribia kunyooka. Mkufu ulikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameuvua mwenyewe, akaninyooshea, na mimi nikaupokea kutoka mkononi kwake. Ndipo nikainua macho.

Mtu aliyeshushwa miaka mingi hunyonyoka nyusi upande wa nje. Ni dalili ya kwanza tunayofundishwa, na nyusi hizo huwa miongoni mwa vitu vya mwisho kurudi. Za Mzee Andongolile zilikuwa zimerudi, nene, zimepanda juu pembeni kwa namna ya kushangaa kila kitu. Zilikuwa nyusi za Lwitiko. Na macho yalikuwa ya Lwitiko, na lile kunyanzi la upande mmoja wa mdomo kabla ya utani. Miaka kumi na moja nilikuwa nikilala na kanga usoni nikijaribu kuukumbuka uso wa mume wangu usinitoke, na ulikuwa unapita kila asubuhi mbele ya tangi hili, unakohoa ili nisiuone.

Nililia nimesimama, mkufu mkononi. Aliniacha nilie. Hakusema 'vizuri'. Alisema, "Pole, mwanangu. Pole sana," akanishika bega.

Tulirekodi ujumbe wake pale uani, mrefu, wenye matusi mawili ya mapenzi na maelezo ya uzio uliopinda. Kisha nikapakua mbalaga, nikaleta chumvi mpya kwenye kopo lenye mfuniko, nikakaa mbele yake kwa mara ya kwanza. Balozi alituangalia wote wawili, akaona hana kazi, akaenda kulala juani. Mzee alitia chumvi kidogo, akaonja, akanisogezea kopo.

"Kula," akasema. "Inapoa."